Kuchanganya RAM Si Kosa

Mama mmoja mwenye duka la stesheneri jirani na chuo, hapa Dar es Salaam, aliniita mwaka juzi nimtazamie kompyuta yake. Ni Dell OptiPlex 7010, moja ya zile mashine za mtumba zilizojaa kwenye maduka ya kuchapa na fotokopi. Ilikuwa na RAM ya GB 4. Mwanafunzi akija na ripoti ya kurasa 80 yenye picha, mama akaifungua, kisha akafungua na kivinjari ili ashushe barua pepe ya mteja mwingine, mashine inaganda. Taa ya diski inawaka bila kuzima, foleni inarefuka, na wa mwisho anachukua flashi yake na kwenda duka la pili.

Kwenye droo ya meza hiyo hiyo palikuwa na RAM nyingine ya GB 8, imeviringishwa kwenye kipande cha gazeti. Mpwa wake aliitoa katika kompyuta iliyokufa pawasaplai.

"Mama, mbona hii hamjaichomeka?"

"Fundi kakataa, mwanangu. Kasema hiyo kampuni nyingine na spidi nyingine, nikichanganya itaniunguzia bodi. Nikanunue mbili mpya zinazofanana. Nimesubiri mwezi wa tano huu, hela haijapatikana."

Nililifungua kasha, nikasugua meno ya ile RAM kwa ufutio wa penseli mpaka weusi ukatoka na rangi ya dhahabu ikaonekana, nikapuliza vumbi kwenye nafasi, nikabana mpaka vibanio vyote viwili vikalia. Tukawasha. Mashine ikasoma GB 12. Mama akafungua ile ripoti, akafungua kivinjari, akafungua na Excel juu yake. Akanitazama. Sikuwa nimefanya muujiza wowote. Kazi yote haikuchukua hata robo saa. Kilichonikera, na kinachonikera hadi leo, ni ile miezi mitano.

Kauli kwamba RAM tofauti hazichanganywi imekuwa kama amri ya dini miongoni mwa mafundi wetu. Utaambiwa lazima ziwe za kampuni moja, ukubwa mmoja, kasi moja, na ikiwezekana zitoke kwenye pakiti moja. Wengine wanaongeza kwamba ukikaidi zitapigana, moja itaiua nyingine, au zote zitaiua bodi kuu. Wanaoisema wengi ni watu wazuri na mafundi hodari, na wameipokea kutoka kwa waliowafundisha. Lakini kwa kompyuta ya kawaida ya mezani, inayofanya kazi za kawaida, kauli hiyo si kweli, na inawagharimu watu wasio na cha kupoteza.

Tuanze na hilo la kupigana. Kila RAM ya kompyuta ya mezani iliyotengenezwa katika miaka 20 na zaidi iliyopita imebandikwa chipu moja ndogo kuliko punje ya mchele. Chipu hiyo haitunzi kazi yako. Inatunza wasifu wa RAM yenyewe: ukubwa wake, kasi yake ya juu, kasi za chini inazozimudu, na muda inaouhitaji kabla ya kujibu. Katika DDR3 wasifu huo una nafasi ya baiti 256, katika DDR4 baiti 512. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kabla hata nembo haijatokea kwenye kioo, BIOS inapita nafasi moja baada ya nyingine na kuusoma wasifu wa kila RAM iliyomo. Ikikuta moja inafika 1600 na nyingine inaishia 1333, inaziendesha zote kwa 1333. Ikikuta moja inataka muda mrefu zaidi wa kujibu, inazipa zote muda huo mrefu. Basi. Mwenye mbio anatembea kwa mwendo wa mwenzake.

Umeme nao haugombaniwi. Bodi inatoa volteji moja kwa nafasi zote, volti 1.5 kwa DDR3 na volti 1.2 kwa DDR4, na RAM haina uwezo wa kudai zaidi ya hapo wala wa kumnyang'anya jirani yake. Ile RAM ya mama ilikuwa ya volti 1.5, na ile iliyokuwemo ilikuwa ya volti 1.5. Kampuni zilikuwa mbili, umeme ulikuwa mmoja.

Na haya hayakutokea kwa bahati. Viwango vya RAM vinatungwa na JEDEC, chombo cha watengenezaji kilichoanzishwa mwaka 1958, na shabaha ya viwango hivyo ni kwamba kifaa cha kampuni hii kifanye kazi pamoja na kifaa cha kampuni ile. Fundi anayesema RAM za kampuni mbili haziwezi kukaa bodi moja anasema kazi ya JEDEC ya miaka yote hiyo haipo. Hata lile kosa la kweli, la kuchomeka kizazi kisichohusika, walilifikiria. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo lililokatwa kwenye ukingo wa chini limehamishwa kwa kila kizazi. RAM isiyo ya kizazi cha bodi yako haiingii. Ikigoma, usiisukume, imekwisha kukujibu.

Mafundi wetu hawakuitunga amri hii vichwani. Kuna wakati ilikuwa kweli tupu, na ni haki kulisema hilo. Katika kompyuta za prosesa ya 486, RAM za pini 30 zilikuwa zinatoa biti 8 kila moja, na prosesa ilitaka biti 32 kwa mkupuo. Kwa hiyo ilikuwa lazima uchomeke nne kwa pamoja, za aina moja, la sivyo mashine haiwaki. Ilipokuja Pentium mwaka 1993 prosesa ikataka biti 64, na RAM za wakati huo, zenye pini 72, zilitoa biti 32. Zikawa lazima mbili mbili. Halafu zikaja hizi ndefu tunazozijua leo, DIMM, ambazo moja peke yake inatoa biti 64, na ulazima ule ukafa. Ulifufuka kidogo mwaka 2000 pale Pentium 4 za kwanza zilipotumia RAM za Rambus, zilizotaka kwenda kwa jozi na hata nafasi tupu zikataka kujazwa kibao cha kuzugia. Rambus kwenye kompyuta za mezani hazikudumu.

Fundi aliyejifunza kazi mwaka 1995 alijifunza ukweli. Alimfundisha kijana wake mwaka 2005, na kijana yule akamfundisha wa leo. Vifaa vilibadilika katikati ya safari, maneno hayakubadilika.

Hoja ya pili ninayoisikia imevaa nguo za kitaalamu zaidi. Mtu anakubali kwamba hakuna kitakachoungua, lakini anasema utapoteza ile faida ya njia mbili, yaani prosesa kusoma RAM mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu hiyo inataka mbili zinazolingana. Bodi za mwanzo zenye njia mbili zilikuwa hivyo kweli. Lakini Intel walilitatua jambo hili miaka mingi iliyopita. Ukiweka GB 4 upande mmoja na GB 8 upande wa pili, GB 4 za huku zinashirikiana na GB 4 za kule kwa njia mbili kamili, jumla GB 8, na zile GB 4 zinazobaki zinasomwa kwa njia moja. Mama wa stesheneri alikuwa na RAM moja tu, kwa hiyo mashine yake ilikuwa ya njia moja kabla sijaigusa. Kuchanganya ndiko kulikompa njia mbili. Anayemwambia mtu kama yeye asichanganye ili asizikose anamnyima hizo hizo.

Na kasi je? Hapa ndipo penye kupigiwa hesabu, maana watu wanatajiwa 1600 na 1333 kana kwamba ni spidi ya basi la mkoani. RAM ya 1600 inapitisha GB 12.8 kwa sekunde kwa kila njia, kwa njia mbili 25.6. Ya 1333 inapitisha 10.6 hivi, kwa njia mbili 21.3. Umepoteza sehemu moja kati ya sita ya upana wa barabara. Lakini mama alikuwa kwenye 12.8, njia moja. Amepanda hadi 21.3 kwenye sehemu kubwa ya RAM yake, kwa kuchomeka kile alichoambiwa kitamuunguzia bodi.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Upana wa barabara si sawa na muda wa kusubiri jibu. RAM ya kawaida ya 1600 inahesabu mapigo 11 kabla ya kuanza kutoa data, kila pigo nanosekunde 1.25, jumla 13.75. Ya kawaida ya 1333 inahesabu mapigo 9 ya nanosekunde 1.5, jumla 13.5. Zinalingana, na hiyo inayoitwa ya polepole imetangulia kwa robo ya nanosekunde. Ukija kwenye DDR4 ya kawaida ya 3200 yenye mapigo 22, unakuta 13.75 ile ile. Kizazi kimebadilika, namba kwenye lebo imerudufika, na subira ya jibu la kwanza imebaki pale pale.

Sasa linganisha na kile kinachotokea RAM ikijaa. Kompyuta haisemi imeshiba. Inaanza kuhamishia vitu kwenye diski. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani sindano inasubiri nusu ya hapo, na kabla yake mkono wake umeshatumia milisekunde nyingine kadhaa kusogea. Jumla inakaribia milisekunde 12. Hata tukihesabu safari nzima ya prosesa kwenda kwenye RAM na kurudi, ambayo haizidi sana nanosekunde 100, diski iko nyuma zaidi ya mara laki moja. Kama RAM ingejibu kwa sekunde moja, diski ingejibu baada ya siku nzima kupita. Ile taa iliyokuwa haizimi dukani ndiyo siku hizo, moja baada ya nyingine. SSD inapunguza machungu, na ninawashauri wote wanunue, lakini nayo bado iko nyuma ya RAM mara elfu moja hivi.

Huo ndio uzani halisi wa jambo hili. Upande mmoja, hasara ya sehemu ya sita ya upana wa barabara, ambayo mchapaji wa barua hataiona hata akiwa na saa mkononi. Upande wa pili, kushuka mara laki moja kila RAM inapojaa. Na watu wazima wanashauriwa waikimbie ile ya kwanza na waendelee kuishi na ya pili.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la kampuni, maana ndilo linaloaminiwa kuliko yote. Chukua RAM yoyote, iweke kwenye mwanga, soma kibandiko. Ile ya zamani ya mama ilikuwa imeandikwa 4GB 1Rx8 PC3-12800U-11. Kila herufi pale ina kazi. PC3 ni DDR3. Ile 12800 ni megabaiti kwa sekunde, yaani ndiyo 1600 kwa jina lingine. 11 ni yale mapigo niliyoyahesabu. 1Rx8 inaeleza chipu zilivyopangwa, na ukigeuza utaona nane upande mmoja na mgongo mtupu. Ya mpwa wake iliandikwa 8GB 2Rx8 PC3-10600U-9: chipu nane mbele, nane nyuma. Herufi ya kuitazama kuliko zote ni hiyo U baada ya namba, nitairudia. Jina la kampuni lililochapwa kwa maandishi makubwa ndilo lenye habari chache kuliko yote.

Kwa nini? Kwa sababu sehemu kubwa kabisa ya chipu za RAM duniani zinatengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kingston, iliyoanza mwaka 1987 na ambayo ni miongoni mwa majina makubwa kabisa ya RAM, haitengenezi chipu; inanunua na kuzipanga kwenye vibao vyake. Corsair vivyo hivyo. Wanaponunua, wananunua palipo na mzigo na bei nzuri. Kwa hiyo RAM mbili zenye kibandiko kimoja, ulizonunua kwa kupishana mwaka, zinaweza kuwa na chipu za viwanda viwili tofauti, na RAM mbili zenye majina yasiyojuana zinaweza kuwa zimetoka kiwanda kimoja. Anayesisitiza kampuni moja anasisitiza rangi ya kanga bila kugusa kitambaa.

Basi kwa nini watu wanachanganya na mashine zinaleta kioo cha bluu? Mafundi wananiuliza swali hili kwa nguvu, na wana haki, kwa sababu wameyaona kwa macho yao. Nami nimeyaona. Lakini nawauliza: ile RAM uliyoiongeza, uliipima ikiwa peke yake? Mara nyingi jibu ni hapana. RAM ya mtumba inayopita mikono mitano mpaka kufika kwako inaweza kuwa mbovu tangu ilikotoka. Ukiichomeka kando ya nzima na mashine ikaanguka, umejifunza kwamba ni mbovu. Hujajifunza lolote kuhusu kuchanganya. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na Eduardo Pinheiro na Wolf-Dietrich Weber wa Google, walichapisha utafiti wa makosa ya RAM katika mashine za Google uliochukua karibu miaka miwili na nusu. Walikuta zaidi ya asilimia 8 ya RAM zinaonyesha kosa angalau mara moja kwa mwaka, na kwamba makosa hayo kwa sehemu kubwa yanaelekea kutoka kwenye ubovu wa kifaa chenyewe kuliko kwenye ajali za kupita. Hizo ni RAM za kampuni yenye uwezo wa kununua chochote inachotaka. RAM inakufa kivyake. Kuisingizia jirani yake ni kumwacha mgonjwa na kumzika mzima.

Nimesema mashine ya kawaida na kazi ya kawaida, na nilikusudia. Kuna mahali ambapo onyo lina ukweli, na asiyelitaja huko naye anapotosha.

La kwanza ni ile herufi. U maana yake RAM ya kawaida. Ukikuta R, hiyo ni RAM ya seva. Sokoni inauzwa rahisi kwa sababu kompyuta za mezani za kawaida haziikubali, hata iwe peke yake. Watu wengi walioapa kwamba kuchanganya kumewashinda walikuwa wameuziwa R. La pili, zipo DDR3 za GB 8 za bei ya kutupa ambazo muuzaji ameziandika kwamba ni za AMD tu. Amini maandishi hayo, na kama bodi yako ni ya Intel, ziache hapo hapo. La tatu ni volteji ndogo. RAM zenye L, PC3L, zimetengenezwa kwa volti 1.35 lakini zinavumilia 1.5, kwa hiyo kuzitia kwenye bodi ya 1.5 hakuna neno. Kinyume chake sikushauri: bodi iliyoandikwa kwamba inataka PC3L peke yake, ipe PC3L peke yake.

Kisha kuna wacheza gemu. RAM za DDR4 zinazouzwa kwa kasi ya 3200 au 3600 zenye mabati ya rangi mara nyingi hufika huko kwa kuwashwa mpangilio maalumu kwenye BIOS, XMP, unaopandisha volteji hadi 1.35. Huko ni nje ya kiwango cha kawaida. Pakiti ya mbili zilizopimwa pamoja kiwandani ina maana huko, na anayechanganya asishangae mpangilio huo ukigoma. Azime XMP, RAM zitarudi kwenye kasi yao ya kawaida. DDR5 nazo zina ugumu wao: AMD wenyewe wanaandika kwamba prosesa zao za Ryzen 7000 zinafika 5200 ukiwa na RAM mbili, na ukijaza nne zinashuka hadi 3600. Lakini hapo hata zikiwa nne za pakiti moja zinashuka. Na mwenye kompyuta isiyo na kadi ya picha, anayetegemea picha za ndani ya prosesa kwa gemu au video, anayo sababu ya kutafuta mbili zinazolingana, maana picha zinakula upana wa barabara kuliko kitu kingine.

Huo ndio mpaka. Ni mpana vya kutosha kuuheshimu, lakini stesheneri haimo ndani yake, ofisi ya kata haimo, wala maabara ya shule. Nilipita shule moja ya sekondari mkoani Tanga ambako mashine kadhaa zilikuwa zimefunikwa shuka kwa sababu hazina RAM ya kutosha, na kwenye kabati la mwalimu palikuwa na katoni ya RAM za GB 2 zilizotolewa kwenye mashine mbovu. Zote DDR3, zote zenye U. Mwalimu aliambiwa azihifadhi tu, kwa vile hazifanani. Tulikaa naye tangu asubuhi hadi adhuhuri tukipima moja moja. Tatu zilikuwa mbovu, tukazitenga. Zilizobaki ziliingia kwenye mashine, na mashuka yakakunjwa.

Ninasema kupima, na kupima ndiko kunakokosekana. Programu ya Memtest86+ ni ya bure, inakaa kwenye flashi, inawaka kabla ya Windows. Chomeka RAM mpya peke yake, iache ipime. Kisha zote mbili pamoja, iache usiku kucha. Asubuhi hesabu ya makosa ikiwa sifuri, umemaliza. Likitokea hata kosa moja, usiendelee na kazi ya mteja; toa moja, badilisha nafasi, rudia, mpaka umjue mwenye kosa. Asiye na flashi aandike mdsched kwenye Windows, kipimo kimo humo humo. Fundi anayemwambia mteja "nimepima zote mbili usiku mzima, hazina kosa" amempa kitu chenye thamani kuliko vibandiko viwili vinavyofanana.

Haya yana uzito zaidi leo. Desemba 2025 Micron walitangaza kwamba wanaachana na Crucial, jina walilouzia RAM kwa watu wa kawaida, ili chipu zao ziende kwa wateja wakubwa wanaojenga vituo vya akili mnemba. Bei za RAM mpya zilikuwa zimeshapanda kwa kasi kabla ya tangazo hilo. DDR3, ambayo ndiyo imebeba mashine nyingi za mtumba zilizoko kwetu, kwa sehemu kubwa inapatikana kwa kutolewa kwenye mashine nyingine. Kumwambia mtu atafute mbili zinazofanana katika soko la namna hii ni kumwambia asitafute.

Lipo na jambo la mwisho, nalisema kwa sababu nimeliona zaidi ya mara moja. Mteja anashauriwa anunue jozi mpya kwa kuwa ya zamani haiendani nazo. Ya zamani inatolewa, inabaki kwenye droo ya fundi, na wiki mbili baadaye imeuzwa kwa mteja mwingine, ikachomekwa kando ya RAM ambayo haifanani nayo. Ikafanya kazi.

Fundi mwenzangu, soma herufi kwenye kibandiko, sugua meno, chomeka, pima usiku mmoja, ndipo useme. Na RAM uliyoitoa kwenye mashine ya mteja yule, kama bado unayo, mrudishie. Ni yake.